Mlingoti wa Pili wa Siyu

Waya wa kwanza ulipokatika nilidhani ni bunduki. Mtu wa visiwa vyetu akisikia kishindo kama kile hulala chini kwanza, maswali baadaye. Mimi sikuwa na chini ya kulala. Nilikuwa kwenye mlingoti wa Siyu, usawa wa mapaa ya makuti, na Kombo alikuwa juu kabisa, amejifunga mkanda kama sheria inavyotaka, anakaza boliti ya dishi jipya. Aliinamisha kichwa akanitazama.

"Mbwana," akasema, "nini hiyo?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyesikia mlango ukigongwa. Kisha mlingoti ukaanza kulala, polepole kama mtu anayesinzia, halafu si polepole tena. Mimi niliachia. Nikaangukia paa la jirani, likapasuka, likanitupa juu ya kitanda cha kamba. Kombo hakuwa na namna ya kuachia. Alikuwa amefungwa.

Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri, mimi niko kwenye boti napelekwa hospitali Lamu, mguu umebanwa kwa vipande vya mbao. Ripoti ya kampuni ilipotoka ilisema mlingoti ulikuwa salama, mzigo wake ulikuwa ndani ya kiwango, na ajali ilisababishwa na fundi Kombo kulegeza waya wa kushikilia mlingoti kabla ya kupanda. Basi, imekwisha. Mama yake, Bi Maimuna, angali hai pale Siyu. Watu wanampa pole ya mtoto aliyejiua kwa uzembe wake na akataka kumuua na mwenziwe. Maneno hayo hayakuzaliwa Siyu. Yalishuka kutoka ofisini.

Nyinyi vijana mliobaki kazini, mliniomba niandike nilichojifunza, maadamu mguu umenistaafisha kabla ya umri wangu. Nimeambiwa nisitaje jina la kampuni, na sitalitaja. Majina ya watu hakuna aliyenikataza. Lakini itabidi mnivumilie nianze mbali kidogo, kwa sababu mlingoti ule uliangushwa na picha, na hamtaelewa hilo mpaka mwelewe picha yenyewe ilichorwaje.

Shule niliiacha darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kufunga antena za televisheni juu ya mapaa ya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu. Kampuni ya intaneti ilipokuja kutafuta mtu asiyeogopa urefu, watu wakanionyesha kidole. Siku ya kwanza nikapewa ngazi ndefu, nikaambiwa niifikishe kwenye nyumba fulani karibu na msikiti. Vichochoro vya Mkomani havikujengewa ngazi. Kwenye kona moja nikakutana uso kwa uso na punda wawili wamebeba mawe. Punda wa Lamu hajui kurudi nyuma, na ngazi yangu haijui kukunja kona. Tulisimama pale tukitazamana mpaka bibi mmoja akafungua mlango, akaniambia niipitishe ngazi ndani ya nyumba yake, itokee uani. Nikaipitisha, nikagonga kabati la vyombo.

"Ukirudi," akasema, "rudi na ndia nyingine."

Juu ya paa nilimkuta Bi Rukia. Alikuwa ametoka Mombasa, amesoma hasa, na siku ile alikuwa amejifunika mtandio juu ya kichwa na kompyuta kwa pamoja ili aone kioo kwenye jua lile. Aliniambia nimshikie kebo. Nikachungulia. Kwenye kioo kulikuwa na majina ya mahali pa visiwani kwetu: Mkomani, Matondoni, Kipungani, Siyu, Faza.

"Bi," nikamuuliza, "kisanduku hiki kiko hapa Mkomani. Kimejuaje kama Faza kuna kisanduku kingine? Kutoka hapa Faza haionekani."

Akatoa kichwa ndani ya mtandio. "Kila mtu huniuliza intaneti ina kasi gani," akasema. "Hilo hakuna aliyeniuliza. Kaa."

Nikakaa. Alichoniambia siku ile ndicho nilichofanyia kazi miaka yote iliyofuata. Kisanduku kile kinaitwa ruta. Kila ruta huwajua majirani zake tu, wale inaoshikana nao moja kwa moja kwa dishi au kwa kebo. Lakini haikai kimya. Inatangaza: mimi fulani, namuona fulani na fulani, na kumfikia huyu ni rahisi, kumfikia yule ni taabu. Majirani wakilisikia tangazo hilo hawalipunguzi wala hawalitii chumvi, wanalipitisha kwa majirani zao vile vile lilivyo. Punde si punde kila ruta kwenye visiwa ina matangazo ya zote, na kila moja inaweza kujikalia peke yake ikaunganisha vipande ikapata ramani nzima.

"Kama barazani," nikasema. "Mmoja anajua nani kaingia nyumba ya jirani, mwingine anajua nani katoka, ikifika magharibi mtaa mzima unajua yote."

"Tofauti yake," akasema Bi Rukia, "hawa hawaongezi."

Ofisini tulikuwa na ramani yetu ya mtandao kwenye karatasi ya manila, imechorwa kwa kalamu na fundi aliyeondoka kabla yangu. Ilikuwa na dishi la Matondoni lililoshushwa zamani, na Kipungani hakuichora kabisa, sijui walimkosea nini. Kila mtandao ukikatika tulisimama mbele ya karatasi ile tukabishana. Bi Rukia alichoka. "Ruta zenyewe zinajua nani kashikana na nani," akasema, "sisi tunamuuliza marehemu." Fundi yule hakuwa marehemu, alikuwa amehamia Malindi, lakini tulimuelewa.

Akaanza kuandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata moja baada ya jingine bila kusukumwa. Aliniweka ubavuni mwake. Skripti inaingia kwenye ruta moja tu, yoyote, inaomba ule mkusanyiko wa matangazo. Inayasoma tangazo kwa tangazo. Kwa kila ruta inachora duara. Kwa kila ujirani inachora mstari. Halafu inakabidhi yote kwa programu ya kuchora, ambayo hupanga maduara yasipandane. Kila baada ya muda mfupi inarudia. Ukiongeza ruta Faza asubuhi, kabla chai haijapoa duara jipya limetokea kwenye kioo ofisini, hakuna aliyeshika kalamu.

Nilijifunza kuandika maagizo hayo kama nilivyojifunza kufunga mafundo, kwa kukosea. Lugha ile ilikuwa na maringo: mstari ukianza nafasi moja mbele ya ndugu zake, inakataa yote. Nilikuwa nasoma kwa kidole. Bi Rukia hakunicheka hata siku moja, ila alikuwa akisema, "Bwana Mbwana, kompyuta imekuandikia kosa lako liko mstari gani. Kwa nini unautazama mwingine?" Na kweli nilikuwa nautazama mwingine. Ukitaka shauri langu la kwanza, ni hilo: soma kosa lenyewe lilivyoandikwa, usisome unavyoliogopa.

Siku picha ya kwanza ilipotoka, Kombo alikuwepo. Sijawaeleza Kombo alikuwa nani. Alikuwa mtu wa Siyu, baba yake mkulima, na yeye alipanda milingoti kama wengine wanavyopanda ngazi ya nyumba yao. Alitazama kioo kwa muda, mikono kiunoni. Programu ya kuchora haijui kusini wala kaskazini, inapanga inavyopenda. Ilikuwa imeiweka Kipungani juu kabisa na Siyu chini pembeni.

"Lahaula," akasema Kombo. "Mumetuhamisha. Mamangu ajua?"

"Si ramani ya nchi," Bi Rukia akamwambia. "Ni ramani ya nani anamjua nani."

"Kwa hiyo mimi hapa nakaa chini ya Kipungani?"

"Ukiwa ruta, ndiyo."

"Alhamdulillahi mimi si ruta."

Tulicheka, lakini mimi usiku ule na siku zilizofuata picha ile haikuniacha. Niliitazama kama mtu anavyotazama mtoto mchanga, kuona anafanana na nani. Kwa nini mistari mingine inakuja na kutoweka? Kwa nini ruta mbili zinaweza kuwa jirani na bado zikafikiana kwa kupitia ya tatu? (Jibu: kwa sababu zinahesabu taabu ya njia, hazihesabu urefu wake. Njia mbili rahisi hushinda moja ngumu.)

Kuna kanuni moja Bi Rukia aliitia mapema ambayo naipenda mpaka leo. Matondoni ikitangaza kwamba inaiona Kipungani, hilo peke yake halitoshi. Skripti inangoja Kipungani nayo itangaze kwamba inaiona Matondoni. Akisema mmoja, tunachora vitone. Wakisema wote wawili, tunachora mstari. Ilikuwa ni vitone hivyo vilivyotuletea kesi ngumu kuliko zote za miaka ile ya mwanzo.

Mstari wa Kipungani uligeuka vitone, ukarudi mstari, ukageuka vitone tena. Tulibadilisha kebo. Tulibadilisha dishi. Kombo alipanda akafuta kinyesi cha ndege, akashuka akiwa na kinyesi cha ndege. Hakuna. Mwishowe nikaziomba picha zote ambazo skripti ilikuwa imezihifadhi, nikazipanga kwa mfuatano, nikaona vitone vinakuja kwa siku kadhaa halafu vinapumzika. Nikampelekea Bi Rukia. Yeye akasema jambo kama hilo linaweza kufanywa na wimbi la redio likigonga maji na kurudi, linakutana na wimbi lililopita juu na yanaharibiana. Mimi nikasema basi tutazame maji. Kombo akahesabu kwa vidole vyake kuanzia mwezi mpya. Ilikuwa ni bamvua, siku za maji makuu. Maji yakijaa sana, mkono wa bahari ambao wimbi letu hupita juu yake unakuwa kioo.

Tulikwenda Kipungani kuteremsha dishi, maana kumbe lilikuwa juu mno na lilikuwa likiyatazama maji. Mlingoti wa kule umesimama karibu na nyumba ya Bi Mwanaesha, msukaji wa mikeka. Alikuwa kibarazani na ukili wake mkononi, akatutazama tukishusha tulichokipandisha mwaka uliopita.

"Yana mulisema yuu," akasema. "Leo mwasema tini. Kesho mutalizika?"

"Bi, maji ya bamvua ndiyo yanalisumbua."

"Maji ya bamvua huingia mpaka jikoni mwangu. Mimi sikushuka." Akaendelea kusuka.

Mstari wa Kipungani haukugeuka vitone tena. Nakumbuka furaha ya siku ile kuliko sikukuu.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu hapa ndipo tunapoingia kwenye jambo lenyewe. Ruta hujua inashikana na nani. Haijui imesimama juu ya nini. Ukiweka ruta mbili ndani ya sanduku moja kwenye mlingoti mmoja, zenyewe zitatangaza kama ruta mbili, na skripti itachora maduara mawili, na mtu asiyejua atadhani ni milingoti miwili. Bi Rukia aliliona hilo tangu mwanzo. Kwa hiyo akaweka desturi: kila ruta jina lake lianze na mahali iliposimama. Siyu moja, Siyu mbili. Skripti ikiona majina yameanza sawa, inayazungushia fremu. Fremu ndiyo mlingoti. Mlingoti ukianguka, kila kilichomo ndani ya fremu kimeanguka. "Msihesabu maduara hata siku moja," alikuwa akitwambia. "Hesabuni fremu." Desturi yote ilisimama juu ya jambo moja, kwamba anayetoa jina atakuwa mkweli.

Bi Rukia akapata kazi nyingine Mombasa, akaondoka. Meneja mpya akaja kutoka bara, anaitwa Mwendwa. Sitasema hakujua kazi. Alijua. Alikuwa mchangamfu, alijifunza majina yetu upesi, na alipenda picha yetu kuliko mtu yeyote. Aliitundika kwenye kioo kikubwa pale wanapokaa wageni.

Wakati huo wafadhili waliotupatia vifaa walitaka zahanati za Siyu na Faza ziwe na njia mbili. Mlingoti mmoja ukianguka, zahanati iite boti ya wagonjwa kwa kupitia mwingine. Shauri zuri kabisa. Mwendwa alitakiwa asimamishe mlingoti wa pili mashambani, nje ya mji wa Siyu. Mlingoti haukusimamishwa. Ilisemekana saruji imekwama, halafu mchanga una chumvi, halafu mwenye shamba kabadilisha nia. Siku ya wageni hao kuja kukagua ikakaribia.

Katikati ya hayo tulifunga ruta ya pili Siyu, kwenye mlingoti ule ule wa zamani. Tuliiita Siyu mbili, ikaingia ndani ya fremu kama inavyostahili. Siku chache baadaye nikatazama kioo, Siyu mbili haipo. Nje ya fremu, peke yake, kuna duara jipya: Mashambani moja. Lina mstari wa kwenda Siyu moja, wa kwenda Mkomani na wa kwenda Faza. Njia ya pili, safi kabisa.

Nilifurahi, nasema kweli. Nikadhani wamesimamisha mlingoti bila sisi, labda kwa mafundi wa Nairobi. Na kwa kuwa nilikuwa na safari ya Siyu, nikataka kuuona. Nikashika njia ya miguu kuelekea mashambani, natazama juu ya minazi. Nikamkuta bibi mmoja anapalilia simsim.

"Watafuta nini, mwanangu, watembea mato yuu?"

"Natafuta mlingoti, Bi."

"Mlingoti wa chombo? Bahari imehamia huku?"

"Wa intaneti. Wa chuma, mrefu."

Akajinyoosha, akashika kiuno, akazunguka kutazama pande zote kwa ajili yangu, kwa heshima. "Huku hapana kirefu ila minazi," akasema. "Na ndia ya kuupitisha chuma hicho ni hii uliyoya nayo. Ungepita hapa ningeuona. Kuna kitu cha kupita hapa nisikione?"

Nilirudi mjini, nikafungua kompyuta chini ya mlingoti wa Siyu, nikaomba matangazo. Ruta hazisemi uongo, hilo nililifundishwa siku ya kwanza. Mashambani moja ilikuwa ikitangaza ujirani na Siyu moja kwa kebo, tena ile taabu ya njia ilikuwa ndogo kabisa, ya vitu vilivyomo chumba kimoja. Halafu kuna namba. Kila ruta ina namba yake ya utambulisho, ambayo inabaki pale pale hata ukiibatiza jina jipya. Namba ya Mashambani moja ilikuwa ni ile ile ya Siyu mbili. Nikafungua sanduku. Ndiyo hiyo, inawaka taa ya kijani, hatukuwa tumeisogeza hata shubiri.

Nilimpigia Mwendwa kutoka pale pale.

"Meneja, kuna mtu amebadilisha jina la Siyu mbili."

"Ni mimi," akasema, bila kusita. "Hiyo ni ya picha tu, Mbwana. Wageni wakienda tutajenga mlingoti, jina litakuwa tayari linangoja."

"Lakini picha inasema mlingoti upo."

"Picha inasema kuna duara. Kwani wewe ni polisi wa maduara?" Akacheka. "Bwana, relax. Hakuna mtu atapanda juu ya duara."

Nilimwandikia Bi Rukia. Alinijibu niandike kwa Mwendwa rasmi, nikaandika, na Mwendwa akajibu kwamba ameona. Nilidhani ni aibu ya ofisi, kwamba siku moja wageni watataka kwenda mashambani na atajua mwenyewe atawapeleka wapi. Hicho ndicho nilichodhani. Picha ni ya kutazama. Sikujua kuna mtu ataipigia hesabu ya chuma.

Wageni wakaja, wakapiga makofi, wakaondoka. Kisha likaja agizo: ile njia ya pili iongezewe nguvu, wekeni madishi makubwa mawili Mashambani moja, moja litazame Mkomani, moja litazame Faza. Mashambani moja, ambayo sote tulijua iko wapi.

Kombo aliyaona madishi yale yakishushwa kutoka botini akayapima kwa mikono. "Haya yote kwenye mzee huyu?" akasema. Mlingoti wa Siyu ulikuwa na madishi yake ya siku zote, na chumvi ilikuwa imeula umri wake. Akampigia Mwendwa mwenyewe, mbele yangu, simu imewekwa sauti ya juu.

"Meneja, mlingoti huu utabeba?"

"Injinia Kariuki wa Nairobi amepiga hesabu na ametia sahihi. Uko ndani ya kiwango. Pandeni."

"Injinia amekuja kuuona?"

"Kombo, injinia si lazima aje. Amepata michoro yote."

Asubuhi ya ajali Kombo alizunguka nguzo zote tatu zilizofungiwa nyaya chini. Nilikuwa nyuma yake. Alivuta kila waya, akapaka grisi, akakuta mmoja umelegea akaukaza. Ameukaza, mnanisikia? Akasema bismillahi, akapanda. Yaliyofuata nimeyaeleza mwanzo.

Nilipolazwa nilikuwa na wakati mwingi na swali moja. Si hasira iliyonishika kwanza, ni kutaka kujua, kama ile siku ya kwanza juu ya paa. Nilijua mlingoti umezidiwa. Nilitaka kujua mtu aliyesoma uinjinia, ambaye hesabu yake si ya kukisia, alifikaje kusema haukuzidiwa. Nikapata namba ya Kariuki kwa Bi Rukia, nikampigia nikiwa kitandani.

Alinipa pole vizuri. Alikuwa mtu mpole. Nikamuuliza mzigo aliugawa vipi.

"Kwa milingoti miwili," akasema. "Madishi ya zamani kwenye mlingoti wa Siyu. Makubwa mapya kwenye mlingoti wa Mashambani. Kila mmoja uko sawa, Bwana Mbwana. Nimerudia hesabu baada ya ajali, iko sawa."

"Mlingoti wa Mashambani uliujuaje, Injinia?"

"Upo kwenye mchoro wa mtandao. Mchoro unatoka kwa ruta zenyewe, si mtu aliyechora. Meneja alinihakikishia. Ndiyo maana niliuamini kuliko ramani ya mkono."

Niliondoa simu sikioni nikaitazama. Picha tuliyoizaa ili tusimtegemee mtu anayesahau na mtu anayekosea, ikaaminiwa kwa sababu hiyo hiyo. Ruta zilitoa kila kitu kweli: ujirani, namba, taabu ya njia. Kitu kimoja tu kwenye picha yote kilitiwa kwa mkono wa binadamu, nacho ni jina.

"Injinia," nikamwambia, "hakuna mlingoti Mashambani. Kuna simsim."

Nilisikia mtu akifungua mlango upande wake. Kisha akasema, "Hayo yazungumze na meneja wako," na simu ikakatika. Tangu hapo haipokelewi.

Mwendwa amehamishiwa kituo cha bara, anaendelea na kazi. Jina la Mashambani moja limefutwa, ruta iliharibika pamoja na mlingoti. Lakini skripti ya Bi Rukia huhifadhi picha zote za zamani, na namba ya ruta haifi. Picha ya siku ile jina lilipobadilika ipo, na ya jana yake ipo, na namba ni moja. Bi Rukia amesema atasimama popote aeleze zinasomwaje. Nimezipeleka picha hizo kwa kampuni, nimeambiwa uchunguzi umefungwa. Nimekwenda kwa magongo. Nimeketishwa nje.

Basi nyinyi vijana, endeleeni kuandika skripti. Ni kazi nzuri, sijaona nyingine inayompa mtu hamu ya kuamka. Angalieni anayetoa majina. Na mmoja wenu, najua kuna anayekaa ofisi moja na Mwendwa huko bara, awasomee wanaohusika haya yaliyobaki.

Mwendwa, wewe uliandika jina la mahali pasipokuwa na kitu, ukaambiwa, ukajibu umeona. Kariuki, wewe ulitia sahihi hesabu ya chuma usichokigusa, na ukaambiwa kwa mdomo wangu, ukakata simu. Ripoti inasema Kombo alilegeza waya, na kila mmoja wenu anajua kwa nini waya ulikatika. Ama mje Siyu mumchukue Bi Maimuna kwa mkono mumwonyeshe mlingoti wa pili uliposimama, ama mje barazani kwake mchana kweupe, watu wakisikia, mmwambie ni nani aliyemuua mtoto wake. Mimi niko Mkomani, siendi popote. Nani kati yenu anajibu?